Shafti ya Mzee Muhamadi

Mgeni aliingia karakanani bila kubisha hodi, akapita katikati ya mapipa na mabati kama mtu anayeijua njia, akasimama mbele ya meza ya Rosebella na kumwaga madaftari sita kutoka kwenye mfuko wa sandarusi. Moja lilianguka sakafuni, kwenye mafuta. Hakuliokota.

"Mama," alisema, "nimekuja kukurudishia muhuri wako."

Ilikuwa Jumanne, siku ya umeme. Mwaka ule maji ya ziwa yalikuwa yamepungua, na Kampala nzima ilikuwa ikipata umeme kwa zamu, leo upo, kesho haupo. Siku ya umeme hata chai ilinywewa kwa kusimama. Rosebella Nerima alikuwa na mashine moja tu ya kukereza vyuma, ile kubwa ya kijani aliyoachiwa na marehemu mumewe, Makokha, na kando ya mashine hiyo vyuma vya wateja vilikuwa vimelala kwa foleni vikisubiri kupata umbo. Hakuwa na nafasi ya wageni wa mafumbo.

"Wewe ni nani?"

"Barnabé. Mwalimu wa vyuma, kule chuo cha ufundi, upande wa Kasubi. Miye mtu wa Bukavu, kama unasikia Kiswahili changu."

"Nimekisikia. Salamu ndiyo sijaisikia."

"Salamu iko, mama. Hasira ndiyo ilitangulia."

Alifungua daftari la kwanza, akaligeuza limwelekee. Kidole chake kilikuwa na kovu la moto, na kucha nyeusi za mtu wa kazi. Rosebella aliliona hilo, akaghadhibika zaidi, maana angependa awe mtu wa chaki tu apate kumdharau kwa raha.

"Soma hapa. Wiki ya tano."

Alisoma. *Wiki ya tano: Nimekereza shafti ya mashine ya posho ya Mzee Muhamadi wa Kibuli na kukata hesi ya kufungia nati.* Chini yake muhuri wa buluu, MAKOKHA NA MKE, KARAKANA YA VYUMA, NAKAWA, na sahihi yake mwenyewe.

Barnabé alifungua la pili. Wiki ya tano, shafti ya Mzee Muhamadi. La tatu, vilevile. La nne, la tano, vilevile. Akainama, akaliokota lile la sakafuni, akalifuta mafuta kwa mkono wa shati lake na kulifungua. Shafti ya Mzee Muhamadi.

"Miaka mitatu, wanafunzi sita," alisema. "Huyu mzee iko na shafti ngapi, mama? Anazikula?"

Nyuma yao Ochola, fundi mkuu, aliangua kicheko. "Ile ya Muhamadi! Hiyo ni ya droo, mwalimu. Hiyo ni kama sala ya chakula, kila mtu anaijua."

Hapo Nakawa kulikuwa na desturi isiyoandikwa popote. Mwanafunzi akitumwa na chuo kufanya mazoezi ya miezi mitatu karakanani, siku ya mwisho alileta kreti ya soda. Mafundi walikunywa na kumtania, na huku wakinywa yeye alikaa kwenye kibao akijaza daftari lake lote, kuanzia wiki ya kwanza mpaka ya kumi na mbili, kwa kunakili daftari moja kuukuu lililokaa kwenye droo. Kisha Ochola alimpelekea Rosebella, naye, simu ikiwa sikioni, aligonga muhuri mara kumi na mbili. Waliiita soda ya muhuri. Daftari lile la droo liliandikwa na mwanafunzi wa enzi za Makokha, na huyo alikereza kweli shafti ya Muhamadi. Waliomfuata walikereza karatasi.

Rosebella alihisi masikio yakimwaka moto. Alijua ni aibu, lakini mdomoni ilitoka ikiwa kitu kingine.

"Na nyinyi je?" Alisimama. "Mnatuletea watoto hawajui kushika tupa! Mnawaleta na barua tu, hata buti hawana, hata glovu. Miezi mitatu hakuna mwalimu anayefika kuuliza huyu mtoto yu mzima au mashine imemla kidole. Wewe mwenyewe leo ndiyo mara ya kwanza nauona uso wako!"

"Ni kweli."

"Usiniambie ni kweli! Mume wangu alikuja chuoni kwenu, mwaka ule kabla hajafa. Alitaka mkae chini, mpange. Nyinyi muwafundishe misingi, sisi tuwape kazi za kweli. Walimkalisha kwenye benchi mpaka saa nane mchana, kisha wakampa kitabu cha wageni aweke sahihi. Basi. Akaweka sahihi akarudi. Na ile mashine mpya mliyopewa na Wazungu iko wapi? Mji mzima tulisikia."

Barnabé alitazama chini. "Iko. Miezi kumi na nne sasa. Iko ndani ya nailoni."

"Inangoja nini?"

"Mgeni rasmi. Akuje kukata utepe."

Safari hii hata Ochola hakucheka.

"Miye sikukuja kugombana juu ya chuo," mwalimu aliendelea kwa sauti ya chini. "Nimefika pale mwaka huu tu. Nilimpima huyu mwenye daftari la sita, kwa mdomo tu, kwa sababu mashine ni marufuku kugusa. Hajui kitu. Jumatatu lazima nipeleke majina ya wale watafanya mtihani wa ufundi. Nikimweka, mashine itamuumiza kule kwenye mtihani. Nikimwacha, amekwisha. Shirika la kanisa ndilo linamlipia, na linalipa mpaka mwaka huu tu. Hakuna mwaka mwingine. Yuko pale nje. Aliogopa kuingia."

"Mlete."

Msichana aliyeingia alikuwa mrefu, wa miaka ishirini hivi, na alisimama mlangoni akiwa ameshika kiwiko cha mkono mmoja kwa mkono mwingine. Aliitwa Laker, mzaliwa wa Kitgum, aliyekulia kwenye kambi za watu waliokimbia vita vya kaskazini. Rosebella alimkumbuka kwa ufagio wake kwanza, kisha ndipo uso ukamjia.

"Njoo hapa. Hii mashine uliishika?"

"Niliishika, mama. Kwa kufuta."

"Chukua kisu hiki. Kifunge mahali pake."

Laker alikichukua kisu cha kukerezea. Alijua kila pembe ya mashine ile kwa kitambaa. Alijua wapi mafuta hujificha na wapi vumbi hukaa. Lakini alikifunga kisu chini mno. Kama mashine ingewashwa, kisu kingekatika na kipande kingemrukia usoni.

"Miezi mitatu!" Rosebella alifoka. "Miezi mitatu uko ndani ya nyumba yangu, kwa nini hukusema hufundishwi?"

"Ningemwambia nani?" Laker hakuinua sauti. "Wewe ulikuwa unapita asubuhi, unaniambia, 'Na kule pembeni ufagie.' Mzee Ochola siku moja aliniita kwa mashine. Nikafurahi. Mteja akaingia. Akaniambia, 'Ngoja kidogo.' Nikangoja. Kila siku nilingoja kidogo."

Ochola alikohoa. Rosebella alikaa chini.

Walipokuja Uganda yeye na Makokha kutoka Webuye, mwaka mmoja baada ya vita vya kugombea Kampala kuisha, mji ulikuwa umejaa vitu vilivyovunjika, vinu vya posho, pampu, malori, vitanda vya hospitali. Makokha aliinunua mashine ya kijani kutoka kiwanda kilichokufa. Rosebella alitaka kujifunza, na mafundi wa Makokha wakampa ufagio. Alifagia miaka miwili. Aliiba ufundi kwa macho, kona hii na kona ile, hadi siku Makokha alipolala na homa na kazi ya watu ikawa inasubiri, akaiwasha mwenyewe. Usiku ule, akiwa kando ya kitanda cha mgonjwa, aliapa kwamba mtoto wa mtu hatafagia kwake namna ile. Sasa alitazama sakafu yake safi na hakujua amchukie nani kwanza.

"Mwalimu," alisema hatimaye. "Mtoto anatakiwa kujua nini ili umweke kwenye orodha yako?"

"Shafti moja. Ngazi tatu za unene mbalimbali, na hesi mwishoni. Kwa masaa mane, peke yake, nikimwangalia."

"Umeme wa leo umebaki nusu siku. Alhamisi upo. Jumamosi upo." Alimgeukia Laker. "Leo na Alhamisi nakufundisha mimi. Jumamosi, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa sita, mashine hii ni yako. Hakuna mtu atakayeigusa."

"Hata mteja akija?"

Swali lilitoka haraka, kisha Laker akauma mdomo kana kwamba amemkosea mtu adabu.

"Hata akija," alisema Rosebella.

*

Hakuwa mwalimu mpole. Alifundisha kwa hasira, na hasira ile haikuwa ya Laker ingawa ni Laker aliyeipokea. "Juu kidogo! Ncha ya kisu itazame katikati ya chuma. Unaangalia mimi au unaangalia chuma?" Laker alivunja visu viwili siku ya Jumanne. Cha tatu kilikaa. Chuma kilipoanza kutoa nyuzi ndefu za buluu zinazojikunja, alizitazama mdomo wazi, akataka kuzishika kwa mkono mtupu, na Rosebella akampiga kofi la mkononi.

"Hizo zinakata kuliko wembe! Unataka kuolewa na vidole vitatu?"

"Sitaki kuolewa, mama."

"Vizuri. Basi vitunze vyote kumi vya kazi."

Ochola alinung'unika akiwa kwenye meza ya tupa. "Sisi hatukufundishwa hivi. Mimi Kisumu nilichota maji mwaka mzima kabla ya kushika spana."

"Na ulifurahi?"

"Nilikuwa na hasira kama nyoka."

"Na sasa unawachotesha wengine."

Ochola alipuliza vumbi la chuma mezani kwake.

Alhamisi walikuwa wameingia kwenye hesi, kazi ngumu kupita zote, pale chuma na kisu vinapotakiwa kwenda pamoja bila kupotezana hata unywele, umeme ulipokatika saa nne asubuhi. Siku ya zamu yao! Walingoja hadi saa kumi. Haukurudi. Hesi moja tu ilikuwa imekatwa, yaani mizunguko mitatu isiyofika popote. Laker alikaa kando ya mashine iliyokufa akiwa na daftari jipya magotini, akichora kwa penseli mwendo wa kisu, mara moja, mara kumi, mpaka karatasi ikatoboka.

Ijumaa, siku isiyo na umeme, Rosebella alivaa gauni la kanisani, akapanda boda boda mpaka chuoni. Kule kulikuwa na jenereta, aliambiwa na Barnabé. Ililetwa na wafadhili pamoja na mashine. Kama mkuu wa chuo angekubali saa tatu tu, mtoto angemaliza hesi.

Walimkalisha kwenye benchi. Huenda ilikuwa benchi ileile ya Makokha. Saa mbili zilipita ndipo mkuu wa chuo, mwanamume mnene mwenye sauti laini, akamkaribisha, akamsikiliza huku akiitikia kwa kichwa, kisha akampeleka yeye mwenyewe kuiona mashine, akijivuna kama anayeonyesha mtoto mchanga. Ilisimama katikati ya chumba kilichopakwa rangi upya. Nailoni yake ilikuwa imeanza kuwa ya manjano. Utepe mwekundu ulikuwa umekwisha kufungwa, na panya walikuwa wameula ncha moja.

"Unaona, nyabo," alisema, akimwita mama kwa Kiganda. "Nikiifungua leo ikachafuka, siku ya sherehe nitawaambia nini wafadhili?"

"Waambie imefundisha watu."

Mkuu wa chuo alicheka kwa upole. "Wewe ni mtu wa biashara, hujui mambo ya ofisi. Kwani tatizo ni nini? Daftari la huyo msichana lina muhuri wako tayari. Barnabé ni mgeni, anajifanya mkali. Wewe nenda uniandikie barua moja tu kwamba muhuri ni wako na kazi ilifanyika. Jina nitalipeleka mimi."

"Na akikatwa mkono kwenye mtihani?"

"Mungu apishe mbali." Alisukuma mbele yake kitabu kikubwa chenye jalada la ngozi. "Weka sahihi hapa, tafadhali. Wageni wetu wote wanaweka."

Rosebella alipekua kurasa kwa kurudi nyuma, na mkuu wa chuo alidhani anatafuta nafasi. Alimtafuta Makokha. Alimkuta kwenye ukurasa wenye doa la chai, mwandiko ule wa kulala upande, na kwenye safu ya maoni ameandika: *Nitarudi.* Hakuweka sahihi. Alifunga kitabu kwa kishindo kilichomfanya karani wa nje achungulie, akatoka, na hakupanda boda boda. Alitembea kwa miguu mpaka hasira ikapata mahali pa kukaa.

Jioni ile alipita Kibuli, chini ya msikiti, kwa Mzee Muhamadi mwenyewe, akamwomba amletee shafti yake ya mashine ya posho.

"Shafti yangu?" Mzee alishangaa kwa lafudhi yake ya Kiganda. "Nyabo, shafti yangu haijakelezwa tangu siku za malehemu bwana wako. Imekwisha kabisa, inalia kama mbuzi. Nilikuwa naona haya kuja. Nilisikia sasa mnafanya kazi za makampuni makubwa tu."

*

Jumamosi saa mbili kamili umeme ulikuwapo. Laker alikuwa amefika tangu saa moja, amefunga nywele ndani ya kitambaa, mikono ya shati imekunjwa juu ya viwiko. Barnabé alikaa kwenye pipa na saa yake mkononi. Shafti iliyolika ya Mzee Muhamadi ililala mezani kama kielelezo, na pembeni yake chuma kipya.

"Anza," alisema Barnabé.

Saa tatu na nusu lori dogo lilisimama langoni. Ondiek aliteremka akiwa na kofia ya plastiki kichwani na gunia begani. Alikuwa mhandisi wa kampuni ya kuponda mawe, Mkenya mwenzao, na kazi zake ndizo zilizoilisha karakana mwaka mzima.

"Shemeji Rosebella! Niokoe. Mashine ya mawe imesimama tangu jana. Pini thelathini, hizi hapa sampuli na chuma, nazitaka leo hii. Mkinipa leo, bosi ameniambia kazi za mwaka ujao zote ni zenu, naandika mkataba Jumatatu."

Ochola alikuwa amekwisha kulipokea gunia.

"Saa sita," alisema Rosebella. "Saa sita tunaanza."

"Saa sita! Umeme ukikatika je? Shemeji, mawe yamelala, watu wamekaa. Sasa hivi." Alimtazama Laker. "Huyo anafanya nini?"

"Shafti ya kinu."

"Kinu cha posho?" Ondiek alicheka kwa kutoamini. "Mimi nina barabara ya kujenga, wewe unanizungumzia ugali?"

Mashine ilinyamaza. Laker alikuwa ameizima mwenyewe. Alirudi nyuma hatua moja, mikono pembeni. "Mama, acha tu. Mpe. Nitangoja kidogo."

Maneno yale mawili yalimpata Rosebella mahali ambapo Ondiek asingefika kwa mkataba wowote.

"Washa mashine!" alipaza sauti hata Barnabé akainuka kwenye pipa lake. "Nani amekuambia uizime? Washa! Na wewe, Ondiek, nilikuheshimu, lakini usimcheke mtoto wangu wa kazi ndani ya karakana yangu. Saa sita. Ukitaka, ngoja. Hutaki, barabara ni ndefu."

"Unanifukuza? Kwa sababu ya mwanafunzi?"

"Kwa sababu nilisema."

Ondiek alichukua gunia lake mikononi mwa Ochola. "Katwe wako mafundi mia," alisema. "Na Jumatatu usinipigie simu."

Lori lilipoondoka, Ochola alivua aproni, akaitupa juu ya meza ya tupa. "Mama, hiyo ni kazi ya mwaka. Mwaka! Tutakula nini, hesi?" Alitoka, akakaa kwenye tairi bovu nje ya lango, mgongo umewaelekea.

Rosebella hakumfuata. Alisimama hatua tatu kutoka kwa mashine, mikono nyuma, maana Barnabé alikuwa amesema asiguse wala asiseme. Lilikuwa jambo gumu kuliko yote aliyowahi kufanya kwa mikono yake. Ngazi ya kwanza. Ya pili. Kwenye ya tatu Laker alikata kidogo mno, akapima, akakata tena, akapima. Jasho lilimdondoka kwenye kidevu. Alipofika kwenye hesi alifumba macho kidogo, na kidole chake kilichora hewani mwendo ule wa penseli.

Saa tano na dakika kumi na tano alizima mashine. Barnabé aliifungua shafti, bado ina moto, akaipima ngazi moja baada ya nyingine. Akachukua nati ya Muhamadi, akaizungusha kwenye hesi. Iliingia, ikaenda mpaka katikati, ikakaza. Akaisukuma, ikapita, kwa shida.

"Inapita mtihani," alisema. "Si nzuri. Inapita. Jumatatu jina lake liko kwenye karatasi yangu, na mkuu akilifuta, anifute na miye."

Laker aliweka mkono mdomoni. Hakulia, alitazama nati ile tu, pale ilipokaza.

Hapo ndipo boda boda ilipofunga breki langoni. Dereva alizungumza na Ochola, na Ochola akaingia mbio, uso umefunguka.

"Mama! Ni mtu wa Ondiek. Katwe umeme umekatika, kote! Anasema tukianza sasa hivi analeta gunia, yote yamesamehewa, mkataba uko palepale. Lakini sasa hivi, la sivyo anapeleka Jinja. Na mtoto amemaliza! Mungu mwenyewe amepanga!" Tayari alikuwa anavaa aproni.

Laker alielewa. Aliitoa spana mfukoni, akamnyooshea Rosebella kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi kitu alichoazimwa.

Rosebella hakuipokea.

"Saa ngapi, mwalimu?"

"Saa tano na dakika ishirini."

"Nilisema mpaka saa ngapi?"

"Mama, tafadhali," Ochola alisema. "Amefaulu! Dakika arobaini zinamsaidia nini?"

"Ile miezi mitatu, Ochola, tuliilaje?" Sauti yake ilikuwa imeshuka sasa, na ilikuwa kali zaidi. "Tuliila kwa siku moja? Mteja aliingia, dakika arobaini. Mwingine akaingia, dakika arobaini. Kila mara kulikuwa na sababu nzuri. Leo hii nayo ni sababu nzuri. Nitaijutia, najua. Mwambie huyo wa boda boda, saa sita."

"Ataenda Jinja."

"Aende."

Ochola alisimama katikati ya sakafu, kamba za aproni zikining'inia. Alimtazama mama, akamtazama mwalimu, kisha msichana aliyekuwa bado ameshika spana mikononi. Alitoka. Walimsikia akisema neno moja langoni, walisikia pikipiki ikiondoka kuelekea barabara kuu. Aliporudi hakumtazama mtu. Alichukua kipande kingine cha chuma kutoka rundoni, akakiweka mbele ya Laker kwa nguvu hata kikalia.

"Nati yako inakaza katikati," alimwambia kwa hasira. "Ulikimbiza kisu. Mwendo wa pili, usikikimbize. Mimi hesi za kukaza sizitoi hapa."

Laker alimtazama Rosebella.

"Saa ni yako," alisema Rosebella. "Irudie."

Msichana alikifunga chuma, akapandisha kisu hadi ncha yake ikatazama katikati, akaipima kwa jicho na kwa kidole, akawasha. Nje barabara ilikuwa tupu. Rosebella aliketi mezani, akalifungua daftari la sita, lile la Laker, mahali pa wiki ya tano, na kando ya shafti ya Mzee Muhamadi akaandika kwa kalamu, si kwa muhuri, tarehe ya siku ile.